Fomu Namba Moja

Kaka yangu alilipwa mshahara mzuri kwa kuvipangia bei vitu ambavyo mtu mwenye akili zake hathubutu kuvipangia bei. Jicho la mtoto, mguu wa mtoto, siku moja ya mama kukaa pembeni ya kitanda cha mwanawe: vyote alivitia bei, akavijumlisha, akavigawanya, kisha akawaandikia wakubwa wa afya kama chanjo fulani inafaa kununuliwa au haifai. Nyumbani tulimwita Desimali, maana hata ukimuuliza saa ngapi hakupi saa kamili.

Mwaka ule alikuwa amepewa kazi ya kuhesabia matubwitubwi, ule ugonjwa wa kuvimba mashavu. Watoto walichanjwa surua na rubela kwa sindano moja, na ipo sindano nyingine inayoongeza kinga ya matubwitubwi humohumo, ila kichupa chake ni ghali zaidi. Swali lilikuwa hilo tu: nyongeza hiyo inalipa au hailipi? Upande mmoja wa karatasi aliweka gharama za vichupa na majokofu. Upande wa pili aliweka hasara ambazo zingeepukika, yaani siku za shule, vitanda vya hospitali, watoto wachache ambao ugonjwa huwapanda kwenye ubongo na wengine wachache wanaobaki viziwi. Alikuwa akija na maswali hayo mezani, sisi tunakula.

"Sikio moja la mtoto lisiharibike, mngekubali kulipa kiasi gani?"

"Likiwa la kwako silipi hata senti," nikamjibu. "Halijawahi kusikia kitu."

Mama akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akauliza, kwa utani tu, siku za mama anayeuguza zinahesabiwaje. Desimali akasema kama mama ana ajira wanatumia mshahara wake, na kama hana ajira wanaweka sifuri.

"Sifuri?" Mama akaacha kucheka. "Mimi niliyekuuguza wewe, sifuri?"

"Ni utaratibu tu, mama."

Mama akasukuma sahani yake pembeni; lile neno lilimkaa kooni.

Mke wa kaka alikuwa muuguzi wa chanjo kwenye kituo cha afya. Watu wote walimwita Sista, mimi nilimwita wifi, na kwa jinsi nilivyolitamka ungedhani ni tusi. Alikuwa na miaka sita ndani ya ndoa bila mtoto. Madaktari watatu walimpima na wote wakasema hana tatizo. Kaka hakupimwa na yeyote, wala hakuna aliyemwambia akapimwe. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikiwa na cherehani yangu na ulimi wangu, na vyote viwili nilivitumia kwa bidii. Nilishona vigauni vitatu vya kitoto nikavitundika sebuleni, eti vinamsubiri mwenyewe. Wifi akirudi kazini mimi nasema kwa sauti, "Mikono hii imeshika watoto wa mji mzima isipokuwa wa mji huu." Sitaki kujisafisha. Nilikuwa nafurahi nikimwona anameza mate. Mtu aliyeachwa hupenda kuona mwingine anaelekea huko.

Mama naye alikuwa ameshaweka tarehe. Mwisho wa mwezi baba mdogo atakuja, kikao kitakaa, na kama wifi hajashika mimba atarudi kwao, kaka aoe mwingine. Wifi aliijua tarehe hiyo. Iliandikwa kwenye kalenda ya jikoni, kwa mkono wangu.

Sasa, watu wa kazi ya kaka wana mazoea yao. Kabla dodoso halijapelekwa kwenye kaya elfu moja na mia mbili, hulijaribu kwanza kwa watu wa karibu, waone maswali yanaeleweka au yanakanganya. Wengi hujaribia nyumbani kwao, kwa sababu ni bure na hakuna anayewafukuza. Kaka akachukua fomu moja, akaandika juu yake "Kaya namba 1", akampa mkewe Jumamosi asubuhi kabla ya kutoka.

"Wewe ni muuguzi, unajua kuhoji," akamwambia. "Waulize mama na dada, ujaze kila kitu wanachosema. Usiruke swali."

Wifi akakaa kwenye kigoda na ubao wake wa kuandikia. Mama alikuwa kwenye kochi, mimi kwenye cherehani yangu dirishani.

"Je, kuna mtu wa kaya hii aliyewahi kuugua matubwitubwi?"

"Yupo. Mumeo huyo."

"Alikuwa na umri gani?"

"Miaka kumi na sita. Karibu na mtihani."

"Aliugua kwa siku ngapi?"

"Andika wiki tatu!" Mama akajiweka sawa kwenye kochi. Nilijua yale maneno ya sifuri ndiyo yanatafuta njia ya kutoka. "Na uandike nilimuuguza mimi, peke yangu, sikufumba jicho. Mashavu yalivimba mpaka shingo ikapotea. Uji nilimpa kwa kijiko cha chai. Mumeo asije akasema hapa mama hakufanya kazi."

"Kulikuwa na uvimbe sehemu nyingine ya mwili?"

"Ndiyo nakuja huko! Mashavu yalipoanza kupungua, uvimbe ukashuka huku chini. Jamani! Hakuweza kuvaa suruali. Nilimfunga shuka kama mtoto mchanga. Kwenda chooni namshika mkono, analia mwanamume mzima."

Mimi nikadakia, maana nilikumbuka vizuri. "Alikuwa analala na mto katikati ya miguu. Ukipita karibu na kitanda anapiga kelele kabla hujamgusa."

Tukacheka, mama na mimi. Wifi hakuandika. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Upande mmoja, mama, au pande zote mbili?"

"Zote mbili! Na baadaye zikanywea, zikabaki vidude tu. Yule tabibu wa zahanati akasema ndivyo ugonjwa unavyokwenda, tusimtangaze kijana wa watu."

Wifi akaandika. Aliandika taratibu. Kisha akasoma swali la mwisho, na ninaapa hakuliongeza yeye, lilikuwepo limechapwa.

"Aliyeugua, kwa sasa ana watoto?"

"Hana," Mama akasema. "Na sababu yenyewe imeshika kalamu hapo."

Wifi akaandika "Hana". Akakunja ukurasa, akashukuru kwa ushirikiano kama ilivyoelekezwa kwenye fomu, akaingia chumbani. Mama hakuona alichokisema. Mimi niliona. Nilishona mshono mzima bila uzi kabla sijagundua kuwa bobini imekwisha.

Kaka aliporudi mchana niliwasikia vizuri, kwa kuwa chumba chao na sebule nilikokuwa nashona vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Wifi hakupandisha sauti.

"Soma mwenyewe. Ni mama yako amesema, si mimi. Si kila anayeugua hivi anakosa watoto, wengi wanapata. Lakini pande zote mbili, na ukubwani. Kapime. Nitakusindikiza, hakuna atakayejua."

"Hii ni fomu ya majaribio," kaka akasema. "Fomu za majaribio haziingii kwenye hesabu."

"Sikuulizi habari ya hesabu. Nakuuliza habari yetu. Baada ya wiki mbili nafukuzwa."

"Nimesema haiingii!"

Nilikuwa sijawahi kumsikia kaka akifoka. Kikombe kilianguka. Kisha nikamsikia wifi akifagia vigae.

Siku tatu kabla ya kikao kaka alinipa suruali yake ya kazini nimpunguzie urefu. Fundi yeyote hukagua mifuko kwanza, asije akapigia pasi kalamu ya mtu. Nikakuta karatasi ya maabara, imekunjwa mara nne, yenye tarehe ya siku chache baada ya ugomvi ule. Alikuwa amekwenda peke yake. Nilielewa mistari miwili tu, ila ndiyo iliyotosha: mbegu za kiume hazikuonekana, kipimo kimerudiwa, hazikuonekana.

Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Nilimhurumia kaka yangu mpaka machozi yakanitoka. Wifi sikumhurumia, au nilijikaza nisimhurumie, kwa sababu ningemhurumia ningelazimika kusimama. Nikaikunja mara nne kama ilivyokuwa, nikaipunguza suruali, nikairudisha karatasi mfukoni.

Kikao kilikaa Jumapili saa tisa alasiri. Baba mdogo alikuwa na tumbo kubwa na subira ndogo. Akakohoa, akasema ukoo unataka damu, miaka sita si miezi sita, hakuna aliyemkosea mwenzake ila mambo yana mwisho. Akamuuliza wifi kama ana neno.

Wifi alikuja na sare yake nyeupe, alikuwa ametoka zamu. Akaiweka fomu juu ya meza.

"Ninalo moja. Naomba mume wangu awasomee kilichoandikwa hapa."

Kaka hakuigusa. Mama akaikodolea macho ile karatasi. Alikuwa hajui kusoma, lakini alikumbuka siku ile, na nikamwona anaanza kupata wasiwasi.

"Ni nini hicho?" baba mdogo akauliza.

Kaka akaweka miwani yake vizuri. Akazungumza kwa ile sauti ya ofisini. "Ni fomu ya majaribio, baba mdogo. Kitaalamu huwezi kujenga hoja juu ya kaya moja."

"Kaya yenyewe ni yako," wifi akasema.

"Hata hivyo ni moja."

Nilisubiri kaka aingize mkono mfukoni. Alikuwa amevaa suruali ileile. Mkono ulikwenda mpaka ukingoni mwa mfuko, ukatulia hapo, ukarudi gotini. Wifi akauona mkono ule, kisha akanigeukia mimi. Ndiyo mara ya kwanza katika miaka sita kuniomba kitu.

"Wifi. Wewe ulikuwepo siku ile. Mama alisema nini? Sema tu ulichosikia."

Wote wakanitazama. Mama alinitolea jicho, kaka akainamisha uso. Ningeweza kusema. Nilikuwa na ushahidi mkubwa kuliko yeye aliyekuwa anaomba ushahidi.

"Mimi nilikuwa nashona," nikasema. "Na cherehani ina kelele. Sikusikia kitu."

Baba mdogo akapiga mapaja yake, akasema basi. Wifi akachukua sanduku ambalo kumbe alikuwa ameshalipanga, akatoka. Mlangoni alivigusa vile vigauni vitatu vilivyotundikwa, kimoja baada ya kingine, akaniambia, "Mshono wako ni mzuri." Hakuwa anakejeli, na mimi ningependa zaidi angenitukana.

Fomu ya kwanza ikachanwa. Zile nyingine elfu moja na mia mbili zikapelekwa, na katika kila nyumba aliyehojiwa alikuwa mkuu wa kaya, kama utaratibu unavyotaka. Wakuu wa kaya wengi walikuwa wanaume. Mhojaji kijana asiyejulikana anabisha hodi, anamuuliza baba mwenye nyumba mbele ya mkewe kama ugonjwa ulimshukia sehemu za siri na kama alishindwa kuzaa. Kati ya wote hakupatikana hata mmoja aliyekiri. Kwenye ripoti, mbele ya maneno "ugumba kwa wanaume", kaka aliandika sifuri, akapiga mstari. Jumla ikatoka: nyongeza ya matubwitubwi hailipi kwa sasa, ugonjwa ni mwepesi. Wakubwa wakakubaliana naye.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa wawili, kama ile sifuri ilikuwa halali.

"Hata ningeweka namba," akasema bila kunitazama, "jibu lisingebadilika. Ni watu wachache mno." Pengine alikuwa anasema kweli. Sijui hesabu. Ila aliposema "watu wachache" alivua miwani, akaanza kuifuta.

Mke wa pili nilimtafuta mimi. Alikuwa muuzaji kwenye duka nilikonunulia nyuzi, binti mchangamfu, mwenye nyonga ambazo mama alizisifu waziwazi kwenye sherehe, mbele ya wazazi wake. Tulimwita Mdogo. Wiki ya kwanza tu mama akamkalisha chini akampa tarehe yake: mwaka mmoja. Nilitaka kumvuta pembeni binti wa watu nimwambie arudi kwao mbio. Nikameza.

Mwezi wa saba wa ndoa Mdogo akatangaza mezani kuwa ana mimba. Mama akapiga vigelegele, akaanguka chini, akashukuru, akamtukana yule aliyeondoka kwa dakika nzima. Kaka alikuwa ameshika kijiko. Alikiweka chini polepole, akafuta mdomo, akasema, "Hongera." Mdogo alikuwa anaangalia sahani yake. Hapo nikajua kwamba Mdogo anajua kuwa kaka anajua. Sikumlaumu yule binti. Aliwekewa mwaka mmoja, akatafuta njia, na njia haikuwepo ndani ya nyumba yetu.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mnene, mwenye sauti. Mama akamchukua kama mali yake. Alimwogesha yeye, alimlaza kifuani kwake yeye, Mdogo alipewa kwa ajili ya kunyonyesha tu. Kwa miezi tisa yule mtoto hakujua kulia kwa dakika mbili mfululizo, kwa sababu akinyoosha mikono tu, bibi yake yupo.

Ilipofika zamu ya chanjo ya surua, mama akatangaza kwamba tunakwenda wote.

"Na tunakwenda kituo kilekile," akasema. "Nataka yule tasa amchome mjukuu wangu kwa mkono wake mwenyewe. Nataka nimwone uso."

"Mama, kuna kituo kingine karibu zaidi," kaka akasema. "Tafadhali."

"Wewe ndiye baba. Utatembea mbele."

Chumba cha chanjo kilikuwa na benchi mbili, mizani ya kuning'iniza watoto, na jokofu lenye karatasi ya kujaza joto lake asubuhi na jioni. Tulikaa kwenye foleni karibu saa nzima. Mama alikuwa amemvalisha mtoto kimojawapo cha vitu nilivyoshona, amejipanga maneno, nasikia anayanong'ona. Kisha pazia likafunguliwa, na yule aliyekuwa wifi yangu akatoka kuita anayefuata.

Alikuwa mjamzito wa miezi saba, au minane.

Mwanamke mmoja kwenye benchi, bila kujua alichokuwa anafanya, akasema kwa furaha, "Sista, mbona umekuwa mkubwa hivyo, ni mapacha?"

"Daktari anasema ni mmoja," akajibu, "ila baba yake bado anabisha." Kwenye kona kulikuwa na mwanamume aliyepiga magoti akifungua mgongo wa jokofu kwa bisibisi. Akacheka bila kugeuka. Alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo.

Nikamwangalia mama. Hajakaa darasani hata siku moja, lakini hesabu hiyo hakuhitaji kusaidiwa. Alimtazama yule mwanamke, tumbo lake, akamtazama mwanawe. Kaka alikuwa anasoma bango la kunawa mikono kana kwamba kuna mtihani. Halafu mama akamgeukia Mdogo, na Mdogo akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

"Kadi," wifi akasema. Mdogo akampa. Aliisoma, juu mpaka chini, hakukunja uso. "Atachomwa mkononi. Watoto wa umri huu wana nguvu. Baba wa mtoto aje amshike."

Kaka hakusogea.

"Baba wa mtoto," akarudia, kwa upole, kama anavyorudia kila siku kwa kila mtu. "Yupo?"

Foleni nzima ilitugeukia. Kaka akasimama. "Ni mimi," akasema, na sauti haikutoka vizuri, ikabidi aseme tena. "Ni mimi." Akampokea mtoto kutoka mikononi mwa mama, na kwa mara ya kwanza mama akamwachia bila ubishi. Wifi akafuta ule mkono mdogo, akachoma, akabandika pamba. Hakumwonea kaka, wala hakumwonea huruma.

Mdogo, labda ili tu pawe na sauti, akauliza, "Sista, na ya matubwitubwi? Mtaani kwetu watoto wanavimba mashavu, na wavulana wakubwa wawili wamelazwa."

"Haimo kwenye ratiba, mama. Ukitaka ni hospitali ya kulipia, na bei yake si ndogo." Akajaza tarehe kwenye kadi. "Kwa nini haimo, muulize mumeo. Atakueleza vizuri kuliko mimi."

Mdogo akamtazama mumewe, anasubiri. Jasho lilikuwa linamshuka kwenye miwani, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika mtoto, hana wa kumfutia.

Tulitoka nje tukasimama kivulini, kando ya lango. Hapo ndipo dawa ilipoanza kumuuma mtoto, akaangua kilio ambacho hatukuwahi kumsikia nacho. Kaka akambembeleza vibaya, anamrusharusha. Mtoto akamwona bibi yake. Akajipinda kutoka kwenye mikono ya kaka, akanyoosha yake miwili, vidole vimefunguka vyote, anamwita kwa ile sauti ya watoto wasiojua maneno.

Mama alimtazama. Alimtazama paji la uso, pua, masikio, kama mtu anayekagua kitambaa alichouziwa. Kisha akatengeneza mtandio wake kichwani, akasema anakwenda kutafuta gari, akaanza kutembea.

Mtoto aliendelea kunyoosha mikono upande alikokwenda. Mdogo alikuwa amejifunika uso, kaka amesimama kama amepigwa msumari. Nikamchukua mimi. Alikuwa mzito, amelowa jasho, na alinisukuma kifuani kwa nguvu zake zote, kwa sababu hakunitaka mimi.